Bonyeza hapa: robo karne ya barua za uongo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na nyie mlioniandikia kuuliza nimepotelea wapi nawaomba radhi. Sikuwa safarini, wala sikuumwa. Nilikuwa nasoma, na nilisoma kwa sababu nina deni la zamani. Dada yangu ananidai, na kwa namna fulani nanyi mnanidai pia, kwa hiyo mnivumilie kama leo nitakuwa mrefu kuliko kawaida yangu.

Wasomaji wa siku nyingi mtakumbuka kwamba mwaka 2021 niliandika hapa jinsi ya kutambua barua pepe za matapeli wanaojifanya ni huduma za malipo za mtandaoni. Nilitoa alama tatu, tena kwa kujiamini kama mwalimu wa zamu. Moja, barua ya tapeli ina Kiingereza kibovu. Mbili, haikuiti kwa jina lako, inakuita "mteja mpendwa". Tatu, tovuti inayokupeleka haina ile picha ya kufuli dogo pembeni mwa anuani. Makala ile ilipendwa, mkaizungusha kwenye magrupu, na dada yangu mkubwa, ambaye anaishi Nairobi na anatafsiri nyaraka za wateja wa nje, akanipigia kunipongeza. "Mdogo wangu," akasema, "hii nimeichapa nikaibandika ukutani juu ya meza yangu."

Mwaka uliofuata wakampiga.

Alikuwa na dola 640 kwenye akaunti yake ya malipo, jasho la miezi miwili, na sehemu kubwa ilikuwa ada ya mwanawe. Alikuwa pia anasubiri malipo mengine ya mteja aliyechelewa. Asubuhi moja ikaingia barua: malipo yako yamefika, lakini yamezuiwa kwa muda kwa sababu mteja amelipa akiwa katika nchi mpya; bonyeza hapa uthibitishe akaunti yako ndani ya saa 24. Dada alifuata makala yangu neno kwa neno. Kiingereza kilikuwa safi kuliko changu. Jina lake lilikuwepo, la kwanza na la ukoo. Akabonyeza, akatazama juu, kufuli lipo. Akaandika neno la siri. Ukurasa ukamwomba na zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, akaziandika pia. Ukurasa ukamshukuru. Kabla ya saa sita mchana akaunti ilikuwa imekauka.

Jina la huduma hiyo silitaji, maana barua ile hawakuiandika wao. Na dada hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Aliponipigia alisema tu, "Mwandishi, kufuli lilikuwepo."

Nimetembea na maneno hayo muda mrefu. Nilikosea wapi? Niliamua kurudi nyuma, kuanzia mwanzo kabisa wa hizi barua za uongo, nione zile alama tatu nilizitoa wapi na zilikufa lini. Nilichokikuta ndicho nataka tukisome pamoja.

Tuanze na posta yenyewe. Mnamo Agosti 1982, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Jonathan Postel, alitoa waraka wa kanuni za kusafirisha barua pepe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kanuni hizo, zikiwa zimeboreshwa mara kadhaa, ndizo msingi wa barua pepe mpaka leo. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa vyuo vikuu, maabara na taasisi za utafiti, watu waliofahamiana au waliofahamiana na wanaofahamiana. Kwa hiyo kanuni hazikuweka mahali pa kumuuliza mtumaji: wewe ndiye kweli? Ni kama barua zetu za karatasi. Nyuma ya bahasha unaandika jina na S.L.P. yoyote unayotaka, na karani wa posta hakuombi kitambulisho. Kazi yake ni kuifikisha. Kumbuka hilo, maana kila kitu kinachofuata kimejengwa juu ya bahasha hiyo.

Wa kwanza kulitumia jambo hili kwa wingi hawakuwa majambazi wa kimataifa. Walikuwa vijana wadogo. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya AOL ndiyo iliyokuwa ikiwaingiza Wamarekani wengi kwenye mtandao, na mteja alilipa kwa saa. Kijana asiye na hela akawa na njia moja: atumie akaunti ya mtu mwingine. Ikatokea programu iliyoitwa AOHell ambayo, pamoja na vituko vingine, ilikuwa na chombo cha kuwatumia watu ujumbe wa papo kwa papo kana kwamba unatoka kwa mfanyakazi wa AOL: tunakagua malipo, tupe neno lako la siri. Watu walitoa. Mchezo huo ukapata jina, phishing, yaani kuvua samaki, ila kwa herufi za ph, kwa mzaha wa wale wahuni wa miaka ya 1970 waliokuwa wakichezea mitambo ya simu na kupenda kuandika hivyo. Chambo, ndoano, na bahari iliyojaa samaki. AOL ikalazimika kuweka onyo kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayekuomba neno la siri.

Onyo hilo lilikuwa sahihi, na mpaka leo ni sahihi. Ila ona lilivyosema. Halikusema "angalia tahajia". Lilisema angalia unaombwa nini. Nitalirudia baadaye.

Hapo bado zilikuwa saa za mtandao tu zinaibwa. Fedha ziliingia mwishoni mwa muongo. Desemba 1998, huko California, Max Levchin, Peter Thiel na Luke Nosek walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Confinity. Wazo lao lilikuwa kutuma fedha kati ya vile vikompyuta vya mkononi vya Palm Pilot. Kutuma fedha kwa barua pepe kulikuwa kama nyongeza, lakini nyongeza ndiyo iliyopendwa, hasa na watu waliouziana vitu kwenye mnada wa eBay. Hiyo ndiyo PayPal ya 1999. Machi 2000 kampuni ikaungana na X.com ya Elon Musk, na mwaka 2002 eBay ikainunua kwa dola bilioni 1.5.

Sasa tazama ilivyokuwa ikifanya kazi. Ukitaka kunilipa, unahitaji anuani yangu ya barua pepe tu. Mimi napata barua: umetumiwa fedha, bonyeza hapa uzichukue. Ili ikue haraka, kampuni ilikuwa ikimpa mteja mpya dola 10, na dola 10 nyingine kwa aliyemwalika. Kwa hiyo maelfu ya Wamarekani walipokea barua halali kutoka kwa mtu wasiyemjua ikisema kuna fedha inakusubiri, bonyeza, na walipobonyeza fedha ilikuwepo kweli! Wateja walifundishwa kwamba barua ni mlango wa benki. Matapeli hawakuhitaji kubuni tabia mpya. Waliikuta tayari.

Na hawakuchelewa. Julai 2000, PayPal ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa kuhudumia umma kwa barua pepe, watu walianza kupokea barua ya kuwaambia wametumiwa fedha, na kiungo cha kwenda kuziona. Kiungo kilisomeka PaypaI. Umeona tofauti? Usijilaumu, hata mimi siioni. Herufi ya mwisho si l ndogo, ni I kubwa, na katika miandiko mingi ya kompyuta hizo ni fimbo mbili zinazofanana kabisa. Kwa kuwa anuani za tovuti hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, ukibonyeza unapelekwa paypai.com, ambako kulikuwa na nakala ya ukurasa wa PayPal ikisubiri neno lako la siri. Huo ni mwaka 2000, wadau. Barua haikuhitaji Kiingereza kibovu. Alama yangu ya kwanza, ile ya tahajia, ilikuwa na nyufa tangu siku hiyo, maana anayetaka kuiga barua ya kampuni hahitaji kujua kuandika. Anahitaji kujua kunakili.

Mwaka uliofuata, Juni 2001, zamu ikawa ya e-gold, huduma ya malipo iliyokuwa ikihesabu salio la mteja kwa uzito wa dhahabu. Hakuna aliyepata mafanikio makubwa hapo, lakini wavuvi walijifunza kitu. Muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 11 zikatumwa barua za kuwaambia watu wathibitishe utambulisho wao kwa sababu ya usalama baada ya tukio lile. Fikiria akili ya mtu huyo. Nchi nzima ina hofu, kila ofisi inaomba kitambulisho, na yeye anaona hapo ndipo pa kutupa ndoano. Tangu wakati huo chambo kizuri hakikuwa uongo wa ajabu. Kilikuwa jambo ambalo tayari unalitarajia. Dada yangu alikuwa anasubiri malipo. Barua ikasema malipo yamefika.

Novemba 2003 wakaenda mbali zaidi. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Mimail, katika toleo lake lililojulikana kama Mimail.I, kilijisambaza chenyewe kwa barua iliyosema akaunti yako ya PayPal inakaribia kuisha muda. Ndani yake kulikuwa na kiambatisho kilichoitwa www.paypal.com.scr. Mwenye haraka aliona anuani ya tovuti anayoijua akabofya. Kumbe lile lilikuwa jina la faili, na zile herufi tatu za mwisho zilimaanisha ni programu inayojiendesha kwenye Windows. Likafunguka dirisha lenye nembo ya PayPal likiomba namba ya kadi, tarehe ya mwisho wake na namba ya siri. Ushauri wa kusema "soma anuani kwa makini" ulikuwa bado haujakomaa, na tayari anuani ilikuwa imegeuzwa kuwa jina la faili.

Na hata kusoma kwa makini kuna kikomo. Februari 2002, watafiti wawili, Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher, walichapisha onyo lililowafanya watu wakune vichwa: walikuwa wamesajili anuani ya microsoft.com ambayo baadhi ya herufi zake zilikuwa za Kirusi. Herufi c na o za Kirusi huonekana sawasawa na za kwetu, lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Miaka mitatu baadaye, Februari 2005, kundi la wataalamu wa usalama wa kompyuta liitwalo Shmoo likaonyesha hadharani paypal.com yenye a ya Kirusi. Hapo hata ungevaa miwani mbili usingeona kitu. Waundaji wa vivinjari wakahangaika, na baada ya muda vivinjari vikaanza kuonyesha anuani za namna hiyo kwa herufi za ajabu ili mtu ashtuke.

Mwaka 2006 ndipo lilipokuja somo ambalo, kusema kweli, ningelijua mapema nisingeandika makala yangu. Watafiti watatu wa Marekani, Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst, waliwaketisha watu 22 na kuwaonyesha tovuti 20, baadhi za kweli na baadhi za uongo, wakawaambia kabisa kwamba kazi yao ni kutambua zipi za uongo. Yaani hawa hawakuviziwa. Walikuwa macho. Tovuti ya uongo iliyofanikiwa zaidi iliiga benki iitwayo Bank of the West, anuani yake ikiandikwa bankofthevvest, kwa v mbili zilizosimama badala ya w. Ilidanganya asilimia 90 yao. Karibu robo ya washiriki, asilimia 23, hawakutazama kabisa anuani wala alama za usalama, wakawa wanahukumu kwa sura ya ukurasa tu, na walikosea asilimia 40 ya mara zote. Na sehemu inayotuhusu sisi tunaojiita wasomi: elimu, umri, jinsia na saa ambazo mtu hutumia kwenye kompyuta havikuonekana kuleta tofauti. Shahada yako haikulindi, ndugu yangu. Yangu haikumlinda dada.

Kampuni nazo hazikulala. Kama tatizo ni bahasha isiyo na uthibitisho, basi iwekwe muhuri. Mei 2007 kilitoka kiwango kiitwacho DKIM, kilichotokana na kazi ya Yahoo na Cisco, ambacho huiwezesha kampuni kutia kila barua muhuri wa kihesabu usioweza kughushiwa. Oktoba mwaka huohuo, Yahoo ikakubaliana na eBay na PayPal kwamba barua inayodai kutoka kwao bila muhuri isifikishwe kabisa. Julai 2008 Gmail ikatangaza imefanya vivyo hivyo. Januari 2012, PayPal, Google, Microsoft, Yahoo na wengine wakatangaza DMARC, utaratibu unaoiruhusu kampuni yoyote kuiambia dunia nzima: barua yenye jina langu isiyo na muhuri wangu, itupeni. Ilifanya kazi na inafanya kazi. Mamilioni ya barua hufia njiani bila wewe kujua.

Lakini muhuri unathibitisha kitu kimoja tu: kwamba barua imetoka kwenye anuani inayodai imetoka. Tapeli akasajili anuani yake mwenyewe inayofanana na ya kampuni, akaitilia muhuri wake mwenyewe, halali kabisa. Ikafika.

Lile kufuli nalo lilipita njia hiyohiyo. Lilitoka kwenye kazi ya kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990, na maana yake ilikuwa kwamba mazungumzo kati ya kompyuta yako na tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hayasomi. Kwa miaka mingi cheti cha kupata kufuli kiliuzwa, kwa hiyo matapeli wengi hawakujisumbua, na sisi wenye kutoa ushauri tukaanza kusema kufuli ni alama ya uaminifu. Desemba 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kutoa vyeti bure kwa kila mtu, jambo jema lililoufanya mtandao wote uwe salama zaidi. Matapeli nao ni watu, nao wakachukua. Machi 2017 mtaalamu mmoja alihesabu vyeti 15,270 vilivyotolewa na shirika hilo kwa anuani zenye neno PayPal ndani yake, na kwa makadirio yake zaidi ya asilimia 96 zilikuwa tovuti za utapeli. Kila moja na kufuli lake! Septemba 2023 kivinjari cha Chrome kikaliondoa kufuli pembeni mwa anuani, kwa sababu watu walilielewa vibaya.

Soma tarehe hizo tena. Mwaka 2017 ilishahesabiwa na kuchapishwa. Mimi mwaka 2021 nikawaambia mtazame kufuli. Ningetumia siku moja kusoma kabla ya kuandika, ningelijua.

Na jina? Nalo hivyohivyo. Mwaka 2017 Yahoo ilikiri kwamba wizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote bilioni 3, na yaliyoibwa yalikuwa pamoja na majina, anuani za barua pepe na namba za simu. Huo ni wizi mmoja kati ya mingi. Kukuita kwa jina kumekuwa kazi ya mashine.

Kwa hiyo alama zangu tatu hazikuwa uongo. Zilikuwa kweli za zamani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wetu ametembea robo karne na bado ana pumzi, kwa sababu kila tukiweka alama njiani yeye anaichukua na kuivaa.

Mwaka 2022, mwaka uleule wa dada, ilienea mbinu ambayo mimi naiona ndiyo mwisho wa hadithi ya alama. PayPal humruhusu mfanyabiashara kumtumia mtu yeyote ankara. Matapeli wakafungua akaunti za kawaida na kutuma ankara: unadaiwa mamia ya dola kwa kitu hujakinunua, na kwenye nafasi ya maelezo ya muuzaji wakaandika kwamba akaunti yako imeingiliwa, ukitaka kusitisha malipo piga namba hii. Anuani ya mtumaji ni ya kweli. Muhuri ni wa kweli. Ukibonyeza, tovuti ni ya kweli. Hakuna cha kughushi, maana barua imetumwa na kampuni yenyewe. Uongo ni zile sentensi mbili na namba ya simu, na ukipiga, upande wa pili yupo mtu mwenye sauti ya upole anayekuomba uweke programu itakayompa uwezo wa kuiendesha kompyuta yako.

Mnaosoma kutoka Dar au Mombasa mtasema haya ya ankara za dola ni ya watu wa mbali. Sivyo. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa kusema ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani? Hauna nembo, hauna kufuli, hauna hata salamu. Ukichunguza alama zake zote zinapiga kelele kwamba ni utapeli. Na bado watu wametuma. Kwa nini? Kwa sababu kati ya maelfu wanaoupokea, daima yupo mmoja ambaye dakika hiyo ameshika simu akijiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi. Kwake yeye ujumbe ule si wa ajabu, ni jibu. Ni ileile barua ya baada ya Septemba 11, ni ileile ya dada yangu. Anayengoja kitu hachunguzi sana kinapofika.

Ndiyo maana leo sitoi orodha mpya ya alama. Nikitoa, mtu ataibandika ukutani, na baada ya miaka miwili nitapigiwa simu nyingine. Nitasema nilichokielewa tu. Makosa ndani ya barua yanaweza kukuambia kwamba barua hii ni ya uongo. Kukosekana kwa makosa hakuwezi kukuambia kwamba ni ya kweli. Mimi nilivichanganya hivyo viwili, na dada akalipa.

Kilichodumu tangu siku za AOL ni kimoja. Barua inakuomba kitu, na inakuchagulia njia ya kukitoa: kiungo chake, namba yake ya simu, kiambatisho chake, muda wake wa saa 24. Basi habari iwe ya barua, njia iwe yako. Inasema malipo yamezuiwa? Inawezekana ni kweli. Funga barua, fungua programu ya huduma hiyo kwenye simu yako kama unavyofanya siku zote, au andika anuani mwenyewe kwa vidole vyako, uone kama kuna tangazo hilo ndani. Inasema piga namba? Tafuta namba nyuma ya kadi yako. Zile tarakimu sita ni za kuingilia pale ulipokwenda mwenyewe, hazihusiani na mahali ulipopelekwa. Na kama unaweza, acha programu ya kutunza maneno ya siri ikuandikie, kwa sababu yenyewe hailinganishi sura. Inalinganisha anuani herufi kwa herufi, na kwake I na l hazijawahi kufanana. Ikikataa kujaza, simama. Usilinakili neno la siri ukalibandika mwenyewe kwa hasira.

Inachosha, najua. Inaongeza dakika mbili kwenye kila barua. Dada alikuwa na kazi ya kuwasilisha saa nne asubuhi ile, na hizo dakika mbili hakuwa nazo. Wanajua hatuna.

Fedha hazikurudi. Alijibiwa kwamba tarakimu aliziandika mwenyewe, na hilo lilikuwa kweli. Ada tulichangishana kwenye ukoo, mtoto hakukosa muhula, na mimi mchango wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine bila mtu kuniuliza sababu. Makala ya 2021 sijaifuta. Iko palepale, nimeweka juu yake maneno ya wino mwekundu: mwandishi alikosea, soma hii kwanza.

Wiki iliyopita nilimtumia dada rasimu ya haya mnayosoma nikamwomba ruhusa ya kumtaja. Akajibu usiku. Karatasi yangu ya ukutani, akaniambia, aliitoa siku ileile, pakabaki alama ya gundi. Kisha akauliza: "Lakini hii barua pepe kweli umeituma wewe?"

Nikampigia kwenye namba yake ya siku zote. Tukacheka kidogo, halafu akaniruhusu.

Kwa leo ni hayo. Kama nawe kuna mtu uliwahi kumpa zile alama tatu zangu, tafadhali mpigie.